Nyuzi Tatu za Shingo ya Sungura

Kasulu,
2 Aprili 1995

Baba mkubwa Twalibu,

Shikamoo. Salamu zangu zikukute umekaa kwenye kile kiti chako cha mguu mmoja mfupi, maana najua bado hujakubali kitengenezwe. Sisi huku wazima. Mama anasema tangu mfungo uishe umekuwa mchache wa salamu. Alinikataza nisikuandikie hivyo, lakini nimeshaandika. Mvua inanyesha kila mchana, maharage yake nyuma ya nyumba yamependeza, na paka amezalia ndani ya kabati la vyombo.

Utashangaa barua inatoka Kasulu na wewe unajua niko chuoni Morogoro. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa udaktari wa mifugo, na kila mwanafunzi lazima afanye utafiti wake. Sungura wa chuo walikufa karibu wote mwezi wa Februari kwa maradhi. Mwalimu anayenisimamia akaniruhusu nije kufanyia kazi nyumbani, kwa bwana mifugo Stanislaus, anayefuga sungura wengi na ana chumba kisichotumika. Nimekuja na sanduku la vifaa na chupa tano ndogo za dawa. Nilizipakata safari nzima ndani ya chombo cha barafu, sasa zimo kwenye friji ya mafuta ya taa pamoja na chanjo za ng'ombe.

Dawa inaitwa serotonini. Si sumu. Wewe unayo, mimi ninayo, mbuzi anayo, kwenye damu na zaidi kwenye utumbo. Lakini ukimchoma sungura kidogo tu katika mshipa wa sikio, pumzi yake inasimama. Sekunde tano, sita, kifua hakiendi. Halafu inarudi mbiombio, fupi fupi, kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo kichwani. Swali ni nani anayeipeleka habari. Dawa hiyo ikiwa kwenye damu haipenyi kuingia kwenye ubongo, njia imezibwa. Waliotutangulia wanasema inagusa ncha za neva ndani ya mapafu, na neva moja ndefu iitwayo vagasi, inayopita shingoni, inapeleka taarifa juu, ndipo ubongo unaamuru pumzi isimame. Mimi nataka nilione hilo kwa macho yangu. Nitachoma dawa, pumzi isimame. Nitakata vagasi kulia na kushoto, nichome tena. Kama njia kweli ni hiyo, mara ya pili pumzi haitasimama.

Na vagasi, Baba mkubwa, ni ule uzi wako mweupe. Nilipoiona kwenye picha mwaka wa pili nilicheka peke yangu darasani. Nilikuwa na miaka tisa uliponionesha kwenye gogo la kuchinjia, ukaniambia niushike nione ulivyo mgumu. Kitabu nilicho nacho kina picha ya shingo ya mbwa tu. Naomba uniandikie unaupataje bila kuuharibu, au bora uje mwenyewe, hata wiki moja. Taarifa yangu isipofika chuoni kabla ya tarehe 30 Septemba sihitimu mwaka huu, na unajua nilimwahidi nini marehemu baba.

Mwanao,
Mwanaheri


Kibondo,
19 Aprili 1995

Mwanangu Mwanaheri,

Marahaba, na marahaba ya pili ya kuhesabu tangu uliponisalimia mara ya mwisho. Kiti hakina ubaya wowote, sakafu ndiyo imeinama. Mwambie mama yako salamu zangu si chache, ila wabebaji wavivu. Mimi mzima, Dadi mwenzangu wa buchani mzima, ila amefuga ndevu na hazimpendezi. Mtu wa kumwambia ni wewe ukija.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, ya pili nikaelewa, ya tatu nikajisifu. Miaka arobaini nakata uzi ule kila siku ya Mungu na sikujua kuwa pumzi inapita humo.

Sasa sikiliza. Mlaze chali, shingo uinyooshe. Ngozi ikishafunguka utaona koromeo. Pembeni yake kuna mshipa wa damu unaodunda. Usiende mbali na mshipa huo. Uzi umeegemea hapohapo, mweupe, mmoja kila upande. Mmoja kulia, mmoja kushoto, basi. Kila mnyama mwenye shingo ni hivyo, Mungu hakubadilisha. Usivute kwa pupa, utapasua mshipa na damu itakufunika kila kitu.

Nina mambo mawili ya kukuuliza. Kisu unakinolea wapi? Sungura anayefuata asikione na asimwone mwenzake. Hilo nilikufundisha kabla hata ya kushika kisu. Na la pili, ukishamaliza, nyama anakula nani?

Nitakuja baada ya Idi. Kabla ya hapo siwezi, unajua ile siku watu wote wa hapa wanataka mkono wangu.

Baba yako mkubwa,
Twalibu


Kasulu,
14 Mei 1995

Baba mkubwa,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita siku nne. Mama alivaa kitenge kipya na akakaa barazani tangu asubuhi akisubiri basi la Kibondo. Hukuwahi kukosa kutuletea mguu wa mbuzi siku ya Idi. Utingo alituambia hakupewa kitu. Mama akasema labda mwaka huu watu walikuwa wengi, akapika maharage.

Nimeanza kazi. Sungura watatu mpaka sasa. Ninawalaza kwa dawa ya usingizi. Hawasikii, na hawaamki tena. Kisu nanolea nje nyuma ya ukuta, usiwe na wasiwasi. Bomba dogo kutoka kooni linasukuma kalamu ya bati, na kalamu inakwaruza juu ya karatasi iliyopakwa masizi ya koroboi, iliyozungushwa kwenye kopo linaloendeshwa kwa ufunguo kama saa. Kila pumzi inaacha kilima kidogo cheupe. Nikichoma serotonini vilima vinakatika, unabaki mstari mtupu, kisha vinarudi vidogovidogo vimebanana.

Uzi niliukuta palepale uliposema, umeegemea mshipa. Nikakata kulia na kushoto. Nikachoma tena. Baba mkubwa, pumzi ilisimama vilevile. Wote watatu. Stanislaus aligundua jambo moja tu, kwamba nikishakata, masikio ya sungura yanakuwa mekundu na ya moto. Nimeliandika ingawa sijui linahusu nini.

Nyama hailiwi, kwa sababu ya ile dawa ya usingizi. Tunazika nyuma ya banda. Najua hutapenda, lakini uliniuliza.

Unakuja lini?

Mwanaheri


Kasulu,
20 Juni 1995

Baba mkubwa,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Mama anakusalimu, ameanza kukausha maharage, na watoto wa paka wamegawiwa wote isipokuwa mmoja anayefanana na Dadi kabla ya ndevu.

Najua kwa nini umenyamaza. Ni ile habari ya kuzika. Ulinilea kwenye nyumba ambayo mnyama akichinjwa hata kwato lina mwenyewe, na leo naandika kwamba nimewatia shimoni kama takataka. Nisamehe kwa kukuudhi. Ila siwezi kusema sitafanya tena, maana nitafanya. Mbuzi wenye homa ya mapafu uliowaona wakihema mpaka ulimi nje, wapo wataalamu wanaodhani serotonini inahusika na kuhema kule. Tukijua njia inayopitia, huenda siku moja mtu ataiziba. Sungura wangu hawaliwi, lakini sitaki uamini kwamba wanakufa bure.

Wamefika saba. Majibu ni yaleyale, uzi nakata na pumzi inasimama. Nimeanza kufikiri kwamba labda vitabu vimekosea na Mwanaheri binti Abdulrahmani wa Kibondo amegundua kitu. Nikifikiri hivyo asubuhi nafurahi, ikifika jioni naogopa.

Niandikie hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mwanaheri


Kibondo,
9 Julai 1995

Mwanaheri mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Sina hasira. Kazi nyingi. Kalamu hii mbaya.

Kuzika sikupenda. Lakini si hasira.

Masikio mekundu yananisumbua. Uzi na sikio wapi na wapi? Tazama tena.

Kuja, bado kidogo.

Twalibu


Kasulu,
23 Julai 1995

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeiweka mezani mbele yangu. Herufi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, zimelalia upande, na neno "kalamu" limepanda juu ya mstari. Wewe ndiye uliyekuwa unanichapa vidole kwa mwandiko mbaya. Kalamu gani hiyo? Unaumwa? Nimemficha Mama, nikamwambia umeandika haraka. Usinifanye niendelee kumdanganya.

Huku mambo si mazuri, na nitakuambia yote ili na wewe uone aibu kunificha. Sungura tisa. Nilimwandikia mwalimu wangu nikiringa kidogo, na amenijibu kwa ukurasa mmoja. Anasema jambo hili limeonekana kwa wanyama wengi kwa miaka mingi, vagasi ikikatwa pumzi haisimami, kwa hiyo kabla sijawasahihisha wakubwa wote wa dunia nihakikishe nilichokata ni vagasi. Nililia, kisha nikakasirika. Nitamwambia nini? Kwamba sijui shingo ya mnyama, mimi niliyekulia buchani? Naifungua kama ulivyonifundisha, pembeni ya koromeo, kwenye mshipa unaodunda. Hata picha ya mbwa kwenye kitabu inakubaliana nawe, uzi mmoja kila upande. Nikienda mbali zaidi naogopa kuharibu.

Wamebaki watano, na dawa ni chupa moja na nusu. Stanislaus ana huruma sana, ameniambia, "Dada, wewe andika kama kitabu kinavyosema. Nani atakuja Kasulu kufukua sungura?" Nikamwambia hapana. Lakini usidhani nilisema hapana haraka. Kalamu niliishika, na mstari wa kwanza niliuandika, halafu nikauchana.

Nakuhitaji. Njoo, au niambie kwa nini huji.

Mwanaheri


Kibondo,
20 Agosti 1995

Mwanangu Mwanaheri,

Nakusalimu, na mama yako nampa pole mapema kwa atakayoyasikia. Hapa jua kali, majani yote yanachomwa, na magari ya uchaguzi yanapita na vipaza sauti mpaka ng'ombe wamezoea. Barua hii nimeiandika siku nne, ndiyo maana imechakaa hivi. Kaa chini uisome.

Siku ya Idi tulitoka msikitini, watu wamejipanga uani na wanyama wao. Wa kwanza alikuwa beberu mwekundu. Nikamlaza, nikamwelekeza, nikataja jina la Mungu, na kisu kikaanguka. Nikadhani kimeniteleza. Nikakiokota, kikaanguka tena. Mkono wa kulia ulikuwa wangu na si wangu. Mdomo nao ulikuwa umekwenda upande, Dadi ndiye aliyeniambia. Beberu aliinuka akasimama ananitazama. Watu wakageuka kutazama wanyama wao, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Dadi akachukua kisu, akamaliza kazi ya siku nzima peke yake. Mdomo umerudi, mguu haukuguswa, mkono ndio uliobaki unalegea. Ninaandika kwa kushoto.

Sikutaka mjue. Mama yako angekuja kunipikia uji, na wewe ungeacha sungura wako. Na zaidi ya hapo nilikuwa naona aibu, mwanangu. Mchinjaji asiyeweza kushika kisu ni mtu wa kukaa kwenye kiti kibovu tu. Sikukasirika na kuzika kwako. Nilishindwa kuandika.

Lakini uliposema "kama ulivyonifundisha", sikulala vizuri. Yale masikio yalinirudia. Nikajiuliza, Twalibu, wewe umechinja ng'ombe na mbuzi na kondoo. Sungura umechinja wangapi? Nikahesabu sita au saba, na hakuna hata mmoja niliyemfungua shingo nikatazama. Nikaja kukuandikia kuwa Mungu hakubadilisha. Nani aliniambia?

Jumamosi ya tarehe 12 nikaenda gulioni kwa Ininahazwe, yule mama wa Kasanda anayeuza vikapu na sungura. Wazee wake walikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Huko kwao sungura wanawajua. Nikachukua dume mkubwa, na mwenyewe akanifuata hadi buchani. Dadi akamchinja juu kabisa, karibu na taya, kama nilivyomwomba, ili shingo ya chini ibaki nzima. Nikataka kuifungua mwenyewe kwa kushoto, nikaanza kuchana ovyo. Ininahazwe alikuwa ananitazama. Akasema, "Mzee, mwakeye," ndiyo salamu ya kwao ya asubuhi, "lakini unaumiza nyama." Akatoa ile sindano yake ya kusukia vikapu, ya chuma, ncha kali na shingo nyembamba. Nikamwonesha pa kufuata, mshipa huu, koromeo hili, na yeye akawa mkono wangu. Akawa anapitisha ncha kati ya kitu na kitu, polepole kama anayetafuta nafasi ya ukindu.

Akasimama. Akasema, "Mzee, hapa si kamoja. Ni tutatu."

Nyuzi tatu, Mwanaheri. Kila upande tatu. Mmoja mwembamba, wa kijivu kidogo, umeegemea mshipa, ndio niliokuambia ukate, na karibu yake mwingine kama unywele. Na kwa pembeni, pale nilipokukataza usiende, uko mmoja mnene kuliko wote, mweupe pe. Huo ndio uzi wetu. Nilikukataza kufika ulipo.

Nikasema haiwezekani. Nikachukua shingo ya mbuzi ya Dadi ya asubuhi ileile. Uzi mmoja kama ninavyoujua. Ininahazwe akautazama, akauchoma kwa ncha katikati, akaupasua kwa urefu. Ndani yake zilikuwa mbili, zimevaa ngozi moja. Miaka arobaini mimi naona shati, sijawahi kuuliza limevaliwa na wangapi.

Kwa hiyo hukukosea mkono. Nimekosea mimi, na tisa wako wamekufa kwa maneno yangu. Nisamehe. Yule wa Ininahazwe tulimla watatu na ndizi, sikutaka na huyo aingie kwenye hesabu yangu.

Sindano nimekufungia humu. Ameniambia usimrudishie shukrani, umrudishie sindano.

Twalibu


Kasulu,
17 Septemba 1995

Baba yangu mkubwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nilimsomea Mama. Alilia, akakugombeza hewani, akasema atakupikia uji upende usipende. Mimi nimelia pia. Zaidi ya miezi mitatu unakaa na jambo hilo peke yako, na mimi huku naandika mambo ya mguu wa mbuzi. Nisamehe. Ila usirudie tena kusema mchinjaji asiyeshika kisu. Umeshika sindano ya mtu kwa mkono wa mtu ukaona ambacho hukukiona kwa miaka arobaini.

Sasa kaa chini na wewe.

Jumanne ya tarehe 5 nilimlaza sungura wa kumi. Nilichoma dawa kwanza bila kukata kitu, pumzi ikasimama kwa sekunde sita, ikarudi mbio kama kawaida. Nikasubiri atulie. Nikafungua shingo, nikaenda pembeni ulikonikataza, nikapitisha ncha ya Ininahazwe. Nyuzi tatu, kama ulivyosema. Nikainua ule mnene. Nikakata kulia, nikakata kushoto. Masikio yakabaki meupe na baridi. Lakini pumzi ikabadilika palepale, ikawa nzito na ya taratibu, vilima virefu vyenye nafasi kubwa. Stanislaus akasema, "Huyu sasa anapumua kama mzee aliyeshiba."

Nikachoma dawa. Sikutazama sungura, nilitazama kalamu. Ikapanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Nikahesabu mpaka ishirini na haikusimama. Stanislaus ndiye aliyeniambia nipumue.

Nimerudia kwa watatu zaidi. Mmoja nilimkata upande mmoja kwanza, pumzi ikasimama bado ila kwa muda mfupi zaidi, nilipokata wa pili ndipo ikaacha kusimama. Mmoja alisita kidogo, pumzi moja tu, hata baada ya kukatwa zote mbili, na hilo nimeliandika pia. Wa tano hakuhitajika. Tumemrudisha bandani, na Stanislaus anasema ana mimba.

Nilikwenda Posta nikampigia mwalimu simu. Nilimweleza yote, hata kosa, hata nani alinifundisha. Nikamwambia nitaandika wale wanne na kuwataja wale tisa kuwa niliwaharibu. Akaniuliza, "Masikio ya wale tisa yalikuwaje?" Nikasema mekundu, ya moto. Akasema basi hakuna shaka, nilikata neva nyingine, ile inayobana mishipa ya damu ya sikio, na ukiikata sikio linajaa damu. Kisha akasema maneno haya, nimeyaandika nyuma ya risiti ya simu nisije nikayapoteza: "Mtu akikata vagasi na pumzi isisimame, atakuja mwingine aseme, labda ni kidonda tu cha shingo, labda uzi wowote ungefanya hivyo. Wewe una tisa waliofunguliwa shingo vilevile, wakakatwa uzi wa jirani, na pumzi ikasimama. Hao ndio ushahidi wako. Bila wao hao wanne wana nguvu nusu." Kuhusu yule aliyesita, alisema vagasi ina fundo juu ya pale ninapokata, na huenda fundo lenyewe linaisikia dawa. Niliandike hivyo na niseme sijui.

Umesikia, Baba mkubwa? Hawakufa bure. Wapo ukurasa wa tano hadi wa nane, kila mmoja na namba yake.

Taarifa inaondoka kesho na basi. Kwenye shukrani nimewaandika wewe, mchinjaji wa Kibondo, na Ininahazwe, msusi wa vikapu wa Kasanda. Nimekufungia sindano ya Ininahazwe, na kipande cha karatasi ya masizi cha yule wa kumi, nimekipaka vanishi kisifutike. Pale nilipotia alama ndipo nilipochoma dawa mara ya pili.

Na sasa ombi langu, safari hii usinijibu "bado kidogo". Hospitali ya Kabanga kuna mtu wa kunyoosha viungo. Mama ameshatandika kitanda.

Mwanao,
Mwanaheri


Kasulu,
5 Novemba 1995

Mwanangu Mwanaheri, huko Morogoro,

Marahaba. Unaona mwenyewe barua inatoka wapi. Mama yako mzima, uji ninakunywa, na paka wenu analala kwenye kofia yangu. Mvua za kwanza zimeanza na kila mtu yuko shambani. Kura tumepiga Jumapili iliyopita, foleni ilikuwa ndefu. Wino walinipaka kidole cha kushoto.

Karatasi yako haikusafiri nami. Dadi aliitundika buchani juu ya mizani na amekataa kuiachia. Watu wanaiuliza. Mmoja alisema ni ramani ya barabara ya Kasanda. Dadi anamwambia kila mteja kwamba hizi ni pumzi za sungura, hapa ndipo zilipotakiwa kusimama, na hazikusimama kwa sababu bosi wake alikosea kwanza. Nimemwambia anaweza kuifupisha hadithi hiyo. Ininahazwe alikuja kuiona, akaisogelea, akafuata vilima kwa kidole, kimoja kimoja, hadi mwisho. Akasema wewe unasuka vizuri. Sindano yake nimempelekea mkononi, kama alivyotaka.

Habari ya kufaulu kwako ilitukuta hapa barazani. Mama yako alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye maharage, nikamwambia marehemu baba yako. Nilimweleza na habari ya nyuzi tatu, maana angependa kunicheka.

Kabanga naenda mara mbili kwa wiki. Yule wa viungo ni mkali, ana mikono kama ya mchinjaji. Amenipa kazi ya kufanya nyumbani, kuokota punje za maharage mezani, moja moja, nizitie kikombeni. Wiki ya kwanza zote zilikwenda chini na kuku wakashiba. Sasa kikombe kinafika nusu. Kisu hajaniruhusu, na sijui kama ataniruhusu, hilo lisikudanganye. Dadi anatosha kwa kisu. Lakini anasema watoto wake wawili wamefika umri wa kuoneshwa shingo, na hataki kuwaonesha yeye, anataka niwaoneshe mimi, nyuzi zote na mashati yake. Nimekubali.

Utaona kwamba kuanzia pale nilipoanza habari ya Kabanga mwandiko umeharibika, herufi zinatetemeka na mstari unapanda. Usiulize kalamu gani. Ni mkono wa kulia.

Baba yako mkubwa,
Twalibu